Miguu Niliyoifunika

Ilikuwa Jumapili ya ubatizo hapa Pasiansi, miaka sita iliyopita. Watoto walikuwa saba. Wa tano aliletwa na mama yake akiwa amefungwa vizuri ndani ya khanga, na juu yake blanketi jeupe, ingawa siku ile kulikuwa na joto. Nilipompokea na kuinama kwenye beseni la ubatizo, blanketi likateleza nami nikaiona miguu yake. Nyayo zote mbili zilikuwa zimegeukia ndani, zikitazamana kama viganja vya mtu anayeomba. Mama alinitazama machoni. Kwa haraka nikalivuta blanketi, nikaifunika miguu ile. Nikambatiza mtoto kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, nikamrudisha mikononi mwa mama yake.

Nilijiona nimetenda jema. Nilikuwa nimemsitiri mama mbele ya usharika. Baada ya ibada sikumwita, na wiki iliyofuata sikwenda nyumbani kwake.

Miaka minne baadaye, muuguzi mmoja anayeimba katika kwaya yetu alinisubiri mlangoni mwa ofisi. Alikuwa amemwona mtoto wa shule ya Jumapili akitembea kwa upande wa nje wa nyayo zake, ngozi imekuwa sugu mahali ambapo hapakupaswa kugusa ardhi. Akaniuliza, "Mchungaji, samahani. Mtoto huyu ulimbatiza wewe. Hukuiona miguu yake?"

Nikamjibu, "Niliiona, dada."

Hakusema neno. Ukimya ule ndio ulionipeleka kuitafuta historia ninayowasimulia hapa. Nilitaka kujua ni kitu gani hasa nilichokifunika siku ile. Niligundua kwamba nilikuwa nimefunika jambo ambalo dawa yake ilikwisha kupatikana, tena karibu nasi, ng'ambo ya ziwa letu hili.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Hali hii Watanzania wengi huiita mguu kifundo, au nyayo za kupinda. Mtoto huzaliwa mguu ukiwa umepinda kwenda ndani na chini, kisigino kimevutwa juu, unyayo hauwezi kulala chini sawasawa. Karibu nusu ya watoto wenye hali hii huwa nayo katika miguu yote miwili, na wavulana wanaipata takribani mara mbili zaidi ya wasichana. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda katika watoto 110,336 waliozaliwa hai uliwapata 130 wenye mguu kifundo, yaani watoto 1.2 katika kila 1,000. Kwa hiyo si jambo la ajabu wala la nadra. Usharika unaobatiza watoto wengi kwa miaka mingi utakutana nalo, upende usipende.

Wataalamu hawajaumaliza uchunguzi wa chanzo chake, ingawa wameona kwamba mara nyingine hali hii hufuatana katika ukoo. Haitokani na kosa la mama. Haitokani na laana, wala na mtu aliyemtazama mjamzito kwa jicho baya. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali la namna hii juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa mashtaka yote mawili, kisha akainama, akatengeneza tope, akaanza kazi. Sisi mara nyingi tunaishia kwenye swali, na kazi hatuianzi.

Sasa niwaeleze habari za daktari mmoja aliyefundisha madaktari wengine kuitazama miguu hii. Jina lake ni Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na kijana alimsaidia katika kazi ile ya vipande vidogo isiyotaka pupa. Alimaliza masomo ya udaktari Barcelona mwaka 1936, mwaka uleule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza nchini mwake. Akawa daktari wa jeshi upande wa Jamhuri, akiwatibu waliovunjika mifupa. Upande wake uliposhindwa, alisaidia kuwapitisha majeruhi katika milima ya Pyrenees kwa nyumbu hadi Ufaransa. Yeye mwenyewe akawa mkimbizi. Alikwenda Meksiko, akafanya kazi ya udaktari katika mji mdogo, na mwaka 1941 akafika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kusomea ubingwa wa mifupa chini ya daktari aliyeitwa Arthur Steindler.

Mojawapo ya kazi zake za mwanzo pale ilikuwa kuwatafuta wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mguu kifundo miaka iliyotangulia, na kuwaangalia upya. Wakati ule iliaminika kwamba mguu uliopinda hunyooshwa kwa kisu: fungua, kata kano na vifuniko vya viungo, panga mifupa, funga. Mtoto aliporudi nyumbani mguu ulionekana umenyooka na wazazi walishukuru. Lakini Ponseti alipowaona watu wale wakiwa wamekua, aliikuta miguu yao imekakamaa, haina nguvu, inauma. Makovu ndiyo yaliyokuwa yameishika. Mguu ulikuwa umenyooka kwa macho, lakini mwenye mguu alikuwa anateseka.

Naomba tusilipite jambo hili haraka. Daktari kijana, mkimbizi katika nchi ya watu, anapewa kazi ya kutazama matokeo ya kazi za wakubwa zake, anaona hayafai, naye hafuniki. Alirudi kwenye mguu wenyewe. Alichunguza jinsi mifupa midogo ya mguu wa mtoto inavyosogea, akatambua kwamba katika mtoto mchanga sehemu kubwa ya mifupa ile bado ni laini, na kano zake hunyooka zikivutwa polepole na kwa mpango. Mababu zetu wanaoishi kwa uvuvi walilijua jambo hili kwa njia yao: samaki mkunje angali mbichi.

Njia aliyoijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 ni hii. Mtoto akiwa na siku au wiki chache tangu kuzaliwa, daktari huushika mguu kwa vidole na kuusogeza taratibu kuelekea mahali pake, bila kumuumiza. Kisha mguu hufungwa plasta ngumu, ile tunayoiita P.O.P., kuanzia vidoleni hadi juu ya paja. Baada ya wiki moja plasta hutolewa, mguu husogezwa tena kidogo, hufungwa tena. Mara tano, sita au saba hivi, na mguu unakuwa umegeuka. Katika watoto wengi hubaki kisigino, ambacho bado kimevutwa juu. Hapo daktari huweka ganzi na kuikata kano ya kisigino kwa tundu dogo, na kano ile hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi ndani ya plasta ya mwisho ya wiki tatu. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fito: miezi mitatu ya kwanza karibu saa 23 kila siku, kisha wakati wa kulala tu hadi afikishe miaka minne au mitano. Viatu vile vikiachwa mapema, mguu hurudi ulikotoka.

Kuna siri moja katika kazi hii ambayo imewakosesha wengi. Mtu akiona kisigino kimepinda, mikono yake hukimbilia kisigino na kukisukuma. Ponseti alifundisha kwamba mguu hausukumwi pale unapoonekana umeharibika zaidi. Kwanza huinuliwa upande wa kidole gumba, ingawa kwa mtazamaji inaonekana kama unauzidishia mguu kupinda. Kisha mguu wote huzungushwa kuelekea nje, huku kidole gumba cha daktari kimeegemea mfupa mmoja ulio upande wa nje wa kifundo. Kisigino hufuata chenyewe. Anayeanza na kisigino huzuia yote.

Ponseti aliwafundisha hivi madaktari waliosomea ubingwa pale Iowa kwa miongo mingi. Mwaka 1963 alichapisha taarifa ya matokeo yake. Ungetarajia dunia ya madaktari ingefurahi. Haikuwa hivyo. Kwa zaidi ya miaka 30 hospitali nyingi za dunia ziliendelea na kisu, na upasuaji ukazidi kuwa mkubwa zaidi. Sidhani walikuwa watu wabaya. Kisu kina heshima. Kazi ya kisu huonekana siku hiyohiyo, na anayeifanya huitwa fundi. Kumshika mtoto mguu wiki baada ya wiki, kumfunga plasta na kumbembeleza mama arudi Jumatano ijayo ni kazi isiyo na sifa. Hata katika kanisa tunalijua jambo hili: mkutano mkubwa wa injili hujaza uwanja, lakini kumtembelea mgonjwa mmoja mara saba hakutangazwi na mtu.

Ponseti alistaafu mwaka 1984, kisha akarudi kazini. Mwaka 1995 madaktari wawili wa Iowa, Douglas Cooper na Frederick Dietz, walichapisha uchunguzi wa watu 45 waliotibiwa kwa njia yake walipokuwa wachanga, ambao sasa walikuwa na umri wa wastani wa miaka 34. Walilinganishwa na watu 97 waliozaliwa na miguu ya kawaida. Kati ya wale waliotibiwa, 78 kwa 100 walikuwa na miguu inayofanya kazi vizuri au vizuri sana. Kati ya waliozaliwa na miguu ya kawaida walikuwa 85 kwa 100. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Ndipo wazazi wakaanza kupashana habari kwa njia ya intaneti, mama mmoja akimwambia mwingine, na wengi wakawapeleka watoto wao Iowa kwa mzee yule. Madaktari waliposhtuka walikuta wazazi wamewatangulia. Mzee alikuwa amepita miaka 80, na wageni kutoka nchi nyingi walikuja kusimama kando ya meza yake na kutazama vidole vyake. Alifariki Oktoba 2009 akiwa na miaka 95, na alikuwa akiendelea kutibu na kufundisha hata katika miaka yake ya 90.

Mmoja wa madaktari walioipokea njia ile mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Shafique Pirani, daktari bingwa wa mifupa nchini Kanada. Huyu alizaliwa Uganda, katika jamii ya Waasia ambayo Idi Amin aliifukuza mwaka 1972. Yeye ndiye aliyetengeneza kipimo kinachotumika sasa duniani kupima ukali wa mguu kifundo: alama sita tu, zinazosomwa kwa macho na vidole, bila mashine yoyote. Mkunga wa zahanati anaweza kujifunza.

Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1996, Mkanada mwingine, Norgrove Penny, alikuwa Uganda akifanya kazi ya upasuaji wa watoto wenye ulemavu. Alitumwa na CBM, shirika la Kikristo ambalo mizizi yake inarudi hadi mwaka 1908, kazi ya mchungaji Mjerumani Ernst Christoffel miongoni mwa vipofu na yatima huko Uturuki. Penny alikuwa na hesabu isiyolingana. Watoto wenye mguu kifundo walikuwa wengi kila mwaka, na madaktari bingwa wa mifupa nchini walikuwa wachache mno. Hata kama wangekata usiku na mchana wasingewamaliza.

Hapo ndipo njia ya Ponseti ilipoonekana kuwa ni neema kwa nchi maskini. Haihitaji chumba kikubwa cha upasuaji. Inahitaji plasta, pamba, maji, na mikono iliyofundishwa vizuri. Penny, Pirani na madaktari wa Uganda, akiwamo Edward Naddumba wa Hospitali ya Mulago, waliamua kuwafundisha maafisa tabibu wa mifupa, wale ambao si madaktari bingwa lakini ndio wanaofunga plasta kila siku katika hospitali za wilaya. Daktari bingwa alitoa mikononi mwake kazi iliyokuwa heshima yake, akaiweka katika mikono ya mdogo wake. Viatu navyo vilipatiwa jibu palepale Kampala: Mholanzi Michiel Steenbeek, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Katalemwa Cheshire Home, alibuni viatu vya fito vinavyoweza kutengenezwa kwa ngozi ya kawaida na chuma, kwa zana za fundi viatu na fundi wa kuchomelea.

Taarifa iliyochapishwa mwaka 2009 inaonyesha mavuno ya mradi ule wa Uganda. Watumishi wa afya 798 walikuwa wamefundishwa kuutambua mguu ulioharibika tangu mtoto anapozaliwa na kuutibu. Hospitali 21 zilikuwa zinatoa tiba. Katika mwaka 2006 na 2007 walionwa watoto 872. Somo la mguu kifundo liliingizwa katika vyuo viwili vya udaktari na vyuo vitatu vya watumishi wengine wa afya, na wanafunzi 1,152 walikuwa wamelipitia.

Nilipozisoma hesabu hizi nilihesabu na miaka yangu. Mtoto niliyemfunika alizaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya taarifa ile. Maji yanayogusa mawe ya Mwanza ndiyo maji yanayogusa Port Bell. Na hata bila kuvuka maji, tiba hii ipo Tanzania. CCBRT ya Dar es Salaam, kwa mfano, inafahamika kwa kuwatibu watoto hawa. Kanisa letu nalo halikukaa kando katika habari za viungo. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa likiwamo letu, ina jirani yake chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kinawafundisha mafundi wa viungo bandia na viatu tiba kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapa kwetu, juu ya kilima, Bugando ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1971 kwa juhudi za ndugu zetu Wakatoliki, na tangu mwaka 2003 ina chuo kinachofundisha madaktari. Elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumwambia yule mama: "Hii inatibika, twende." Mtu huyo alipaswa kuwa mimi.

Uganda walichunguza pia kwa nini wazazi huiacha tiba katikati. Majibu yake kila mmoja wetu angeweza kuyataja: nauli ya kila wiki, umbali, watoto wengine walioachwa nyumbani, ndugu wasiokubali, mume asiyeunga mkono, aibu. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloondolewa na daktari. Yote yanaweza kuondolewa na majirani. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Turudi sasa katika Maandiko. Matendo ya Mitume sura ya 3 ina habari za mtu aliyekuwa kiwete tangu tumboni mwa mama yake. Luka, ambaye kwa mapokeo alikuwa tabibu, hasemi tu kwamba mtu yule alipona. Anataja nyayo na vifundo, kama mtu aliyezoea kuitazama miguu. Lakini nawaomba muwaangalie watu ambao hatuwataji tunapohubiri sura hii: wale waliombeba. Kila siku walimchukua na kumweka kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri. Walikuwa watu wema. Mtu mzima si mzigo mwepesi. Hata hivyo walikuwa wamekwisha kuizoea hali yake. Walimbeba hadi mlangoni, wakamwacha hapohapo, naye akaomba sadaka, na waumini wakapita wakitoa. Utaratibu ule wote ulikuwa wa upendo, na ndani yake hakuna aliyetarajia kwamba mtu huyu angesimama.

Petro na Yohana walifanya mambo mawili kabla ya muujiza. Walimkazia macho, wakamtaka naye awatazame. Kisha, baada ya kulitaja jina la Yesu, Petro alimshika mkono wa kuume akamwinua. Imani yake ilikuwa na macho na ilikuwa na mkono. Mimi siku ya ubatizo nililitaja jina lile tukufu, lakini macho niliyaondoa, na mkono wangu niliutumia kuvuta blanketi.

Wapo watakaouliza: Je, mchungaji anataka tuache kuombea wagonjwa, tuwapeleke tu hospitali? La hasha. Tunaomba, na tutaendelea kuomba. Lakini sisi Walutheri tumefundishwa tangu kipaimara kwamba mwili huu na viungo vyake vyote ni kipawa cha Mungu, na kwamba Mungu huwahudumia watu wake kwa mikono ya watu wengine katika wito wao. Afisa tabibu anayefunga plasta ya sita yumo ndani ya jibu la maombi yetu. Fundi anayeshona kiatu cha ngozi yumo ndani ya jibu hilo. Simwandiki Ponseti hapa kama mtakatifu, wala sizungumzii imani yake. Namwandika kwa sababu Mungu anayetutunza hakosi mikono, na mara nyingine mikono hiyo ni ya mkimbizi, mwana wa fundi saa.

Baada ya kuzungumza na yule muuguzi, nilikwenda kwa mama wa mtoto. Anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nilimkuta nyumbani jioni, nikamwomba radhi. Alisikiliza, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mchungaji, siku ile niliona umeiona. Nikasubiri utaniambia nini. Uliponyamaza, nikajua ndivyo Mungu alivyopenda."

Wapendwa, ukimya wangu ulikuwa mahubiri. Sikuuandaa, sikuuandika, lakini ulipokelewa na kuaminiwa kwa miaka minne. Nilikuwa nimemhubiria mama yule Mungu anayependa miguu ya mtoto ipinde, na Mungu huyo simjui.

Mtoto alianza tiba akiwa na miaka minne. Wataalamu walitueleza kwamba kwa umri ule njia hii bado inasaidia, lakini mguu ni mgumu zaidi, plasta huwa nyingi zaidi, na wengine huhitaji upasuaji juu yake. Yeye alifungwa plasta mara tisa, na akafanyiwa upasuaji mdogo. Umoja wa wanawake walichanga nauli. Mama mmoja wa jumuiya alisimamia meza ya dagaa kila siku ya kliniki. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye zamani alikuwa mgumu kwa mambo ya hospitali, ndiye aliyembeba mtoto hadi kituo cha daladala, kwa kuwa plasta zilikuwa nzito. Leo nyayo zake zinakanyaga chini. Mguu wa kushoto bado una ukakamavu kidogo, na akikimbia utauona. Ukakamavu ule naubeba na mimi.

Tangu wakati huo tumeweka utaratibu mdogo. Wiki moja kabla ya ubatizo, wazazi wanapokuja kwa mafundisho, yule muuguzi huketi nao pamoja na mama mmoja mzee. Mtoto hufunguliwa khanga, huangaliwa miguu, nyonga, mgongo na macho. Hufanyika kwa faragha na kwa heshima, na huchukua dakika chache. Akionekana mwenye shida, mama hatoki peke yake pale. Hutoka na jina la mtu atakayekwenda naye kliniki Jumatatu. Mwaka jana aliletwa mtoto wa wiki tatu, wa kike, mguu mmoja umepinda. Bibi yake alitaka kumfunika. Muuguzi akamwambia kwa upole, "Bibi, mwache tumwone. Bado mbichi huyu." Plasta ya kwanza ilifungwa kabla ya ubatizo wake, na nilipombatiza alikuwa nayo, nyeupe, hadi pajani. Hakuna aliyeifunika.

Naandika haya kwa wachungaji wenzangu, wainjilisti, wazee wa kanisa na kila mzazi anayesoma. Ukimwona mtoto mwenye mguu uliopinda, usiyaondoe macho. Usimwachie mama kazi ya kukisia nia ya Mungu katika uso wako. Mwambie leo kwamba inatibika, na uulize kliniki ni siku gani. Kisha nenda naye, na wiki ijayo nenda naye tena.

Bwana aliyeosha miguu ya wanafunzi wake hakuona haya kuishika. Atupe macho ya kuiona na mikono ya kuishika, sawasawa na wito wake kwetu. Amina.